Klimu ya Gari-Nyumba Inanguruma, Baridi Haifiki Kitandani: Namna ya Kurudisha Upepo Wake

Jambo yenu. Kila mwaka ikifika Septemba, jua la Lubumbashi likianza kukaanga mabati na mvua ikiwa bado mbali, napigiwa simu na watu tofauti wenye magari-nyumba na swali moja kuhusu klimu, yaani kiyoyozi: "Fundi, klimu ya gari inanguruma usiku kucha, lakini kitandani hakuna baridi. Ninunue kubwa zaidi?"

Subiri kwanza. Mara nyingi nikifungua dari naikuta baridi yenyewe iko pale pale. Mashine imeitengeneza vizuri, halafu imemwagika ndani ya dari kabla ya kumfikia mtu aliyenunua mafuta ya jenereta. Kazi ya leo ni kuziba mahali inapomwagikia. Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye mikono miwili na subira, na vifaa vyake karibu vyote utavipata kenkayeri yoyote ya mjini, yaani duka la vifaa vya ujenzi.

Magari-nyumba kwetu si mengi, lakini yapo. Kuna karavani za wajiolojia zinazorudi kutoka porini upande wa Kolwezi zikiwa nyekundu kwa vumbi. Kuna mabasi ya mahubiri yaliyong'olewa viti na kuwekwa vitanda, na kuna wasafiri wanaoingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na nyumba yao mgongoni kama konokono. Klimu zao zinafanana: sanduku moja juu ya paa, tundu moja la mraba kwenye dari, na mifereji ya hewa inayopita ndani ya dari kwenda mbele na nyuma. Ninazungumzia klimu hiyo. Kama yako ni ile ya dashibodi inayovutwa na injini ya gari, hapa hutapata dawa yake.

Hewa inavyozunguka

Nitasema kidogo tu, maana ukilielewa hili hatua zote zitakuja zenyewe. Feni inavuta hewa ya chumbani kupitia filta, inaipitisha kwenye koili ya baridi, kisha inaisukuma chini kuingia mifereji. Hewa inayopanda na hewa inayoshuka zinatumia tundu lile lile la paa, upana wake kama sentimita 36 kwa 36 kwenye magari ya Marekani na 40 kwa 40 kwenye mengi ya Ulaya. Kinachozitenganisha ni ukuta mwembamba ndani ya kisanduku cha dari. Ukuta huo ukiwa na mwanya, hewa ya baridi inageuka na kunyonywa tena na feni ile ile. Unalipia umeme wa kupoza hewa iliyokwisha kupozwa.

Andaa hivi kabla ya kugusa boliti

- Skochi (utepe wa gundi) ya alumini, ile ya kung'aa yenye karatasi mgongoni, rola mbili, upana wa sentimita 5 au zaidi. Usidanganywe na skochi ya kijivu ya kitambaa. Joto la dari linaipika gundi yake, na baada ya msimu mmoja inaning'inia kama ngozi ya nyoka.
- Kipande cha frigoliti (povu la plastiki) ngumu, unene wa sentimita 2 au 2.5. Ile inayofungia televisheni ndani ya kartoni inavunjika chembechembe, na chembe zake zinaingia kwenye feni. Tafuta iliyoshindiliwa, ya kuzuia joto ukutani.
- Kisu cha kukatia karatasi, rula, kalamu ya wino mzito na kartoni ya kutengenezea kiolezo.
- Bisibisi, au turnevisi kama tunavyoita huku, na ufunguo wa boliti za klimu.
- Alkoli ya dawa na vitambaa safi.
- Brashi laini, sabuni ya vyombo, ndoo na pampu ndogo ya kunyunyizia maji.
- Vipimajoto viwili. Hata vya bei ya chini vinafaa, ilimradi ukiviweka pamoja vinasoma sawa.
- Mfuko mkubwa wa taka wa lita 100.
- Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya duara.
- Kipimio cha umeme, tochi ya kichwani, glavu, na simu ya kupigia picha.

Sponji ya paa, ile inayokaa kati ya klimu na bati, usinunue mpaka uone kama ya zamani imekufa.

Pima kwanza, tena uandike

Wengi wanaruka hapa. Baadaye wananiuliza kama kazi imesaidia, nami sina la kuwajibu.

Washa klimu kwa feni ya juu kabisa, milango imefungwa, uiache dakika 20. Weka kipimajoto kimoja pale inapoingia hewa ya chumba, kingine kwenye tundu la hewa lililo karibu zaidi na klimu. Toa moja kwa nyingine. Tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi inaonyesha kwamba mashine yenyewe ni nzima. Mwezi wa Januari, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, tofauti inapungua kwa sababu nguvu nyingine inaishia kugeuza mvuke kuwa maji. Wakati wa kiangazi inapanda kidogo. Rudia kwenye tundu la mwisho nyuma. Kama karibu umepata 11 na kule kitandani 5, mwizi yuko kati yao, ndani ya dari.

Sasa chukua ule mfuko. Fungia mdomo wake kwenye fremu ya waya wa hanga, uminye hewa yote itoke, kisha uuweke juu ya tundu na uhesabu sekunde mpaka ujae. Mfuko wa lita 100 ukijaa kwa sekunde 5, tundu hilo linatoa lita 20 kwa sekunde. Usitafute tarakimu ya kitabu. Unatafuta tarakimu ya kulinganisha jioni. Andika tundu kwa tundu. Watoto wa mtaa watakusanyika kukucheka unavyokimbizana na mfuko wa taka ndani ya gari, ni kawaida.

Mwisho, washa dawa ya mbu na uupeleke moshi wake taratibu kuzunguka kisanduku cha dari, kwenye maungio yote. Ukiona moshi umevutwa kwenye ufa mahali pasipo na filta, weka alama ya kalamu.

Hatua zenyewe

1. Kata umeme wote. Nikisema wote nina maana ya waya wa nje, jenereta na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Siku moja nilimkuta kijana amechomoa waya wa nje, akasahau kwamba jenereta ya mwenye gari inajiwasha yenyewe umeme ukikatika. Kwa delestaji zetu, yaani mgao wa umeme, unajua ingetokea nini. Chomoa, zima, kisha pima kwa kipimio. Hata hapo, ndani ya klimu kuna kondensa, yaani kapasita, inayohifadhi umeme baada ya mashine kuzimwa. Kazi hii haikulazimu kuigusa, kwa hiyo usiiguse.

2. Shusha kifuniko cha dari. Piga picha kabla, katikati na baada. Kama kuna waya za vitufe au kihisi cha baridi, weka alama kila moja. Kihisi hicho ni kijiwaya chembamba chenye kichwa kilichochomekwa kati ya mabati ya koili, nacho ndicho kinachojua barafu ikianza. Ukikivuta kikatoka, kirudishe pale pale kilipokuwa.

3. Safisha. Filta ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushwe kivulini. Koili inyunyizie maji ya sabuni, kisha brashi laini kufuata mstari wa mabati yake. Usiyapige mswaki kwa kuyakata, yanalala kama nyasi. Yaliyolala yainue kwa kitana cha plastiki. Usitumie mashine ya kuoshea magari hata kama umeazimwa bure.

Panda juu pia, ukanyage ubao uliolala upana ili uzito usambae, maana paa nyingi za magari haya haziwezi kubeba kisigino cha mtu. Fungua kofia ya plastiki na usafishe koili ya nje. Huku kwetu kuna uchafu wa aina mbili. Kuanzia Mei ni vumbi jekundu la barabara za migodi. Ukiegesha chini ya jakaranda wakati zinapochanua, ni maua. Yanaanguka mchana kutwa, yananata, na kufikia Oktoba nusu ya koili imevaa shuka la zambarau lililooza. Mji unapendeza, klimu inakosa pumzi.

4. Angalia sponji ya paa na boliti. Mwenzako amulike tochi kutoka nje kuzunguka klimu. Ukiona mwanga ndani, sponji imekufa au boliti zimelegea. Sponji mpya huwa na unene wa kama milimita 25, na ikikazwa vizuri inabaki kama nusu yake. Boliti huwa nne. Zikaze kwa mkono, kidogo kidogo, kwa msalaba.

Nakuomba usizidishe. Miaka ya mwanzo nilikaza karavani ya mteja kwa nguvu zote, nikajisifu kwamba sasa hata sindano haipiti. Paa likabonyea katikati kama sahani. Mvua ya kwanza ya Oktoba ilijaa kwenye lile bonde, ikapata njia, ikamkuta baba wa watu amelala. Nilimlipia godoro. Na usipake silikoni juu au chini ya sponji. Siku ya kuishusha klimu utaondoka na ngozi ya paa.

5. Tengeneza ukuta wa katikati. Hapa ndipo penye faida kubwa, usipaharakishe.

Chungulia ndani ya tundu la paa. Upande mmoja hewa inapanda kuelekea koili, upande mwingine inashuka kutoka kwenye feni. Viwandani wanaweka kipande cha bati au plastiki kati yao, na mara nyingi hakifiki juu, hakifiki pembeni, au kimefungwa kwa skochi iliyokwisha kuachia. Pitisha kidole kuzunguka kingo zake. Kila mahali kidole kinapopita, hewa inapita.

Kata kiolezo kwa kartoni kwanza. Kijaribu, kata tena, kijaribu tena. Kikikaa bila kulazimishwa, kihamishie kwenye frigoliti, ukiongeza milimita 2 kila upande ili kipande kiingie kwa kubana. Funika kingo zake zote kwa skochi ya alumini ili chembe zisitoke. Futa kuta za tundu kwa alkoli, subiri zikauke, simamisha ukuta wako, kisha ufunge maungio pande zote mbili kwa skochi. Kandamiza skochi kwa mgongo wa kijiko mpaka mikunjo yote ilale. Alumini iliyowekwa juu ya vumbi haishiki, inajifanya tu kushika mpaka ukifunga kifuniko.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kujenga ukuta mnene mno, au kuusogeza upande wa mifereji ili apate nafasi ya mkono. Amepunguza tundu la kushushia hewa, na feni haiwezi kusukuma hewa pasipo na nafasi. Ukuta ukae pale pale ulipokuwa ule wa zamani.

6. Ziba kisanduku na midomo ya mifereji. Mifereji mingi imechongwa tu ndani ya frigoliti ya paa, ikafunikwa kwa tripleksi, yaani ubao mwembamba wa tabaka. Inapokutana na kisanduku utakuta frigoliti iko uchi, imekatwa kwa msumeno na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Hewa inaingia kwenye nyufa hizo na kwenda kupoza paa kwa ndani. Nimewahi kushusha kisanduku nikakuta mfereji wa kushoto uko nyuma ya ubao, haukuwahi kutobolewa. Gari lilikuwa na miaka sita, na wenyewe walikuwa wanajua tu kwamba upande wa kushoto ni wa joto.

Futa, kausha, halafu vika kila kona kwa skochi: sakafu ya kisanduku, dari yake, kingo za mdomo wa mfereji, na ndani ya mfereji mpaka mkono wako unapofika. Skochi ipandane kama vigae vya nyumba, cha juu kikilalia cha chini kufuata mwendo wa hewa, ili upepo usipate ncha ya kuinua. Sentimita 3 za kupandana zinatosha.

7. Lainisha kona. Hewa ikishuka kutoka kwenye feni inagonga sakafu ya kisanduku, kisha inatakiwa kugeuka ghafla kuingia mfereji. Kata vipande vya frigoliti vyenye mgongo wa mviringo, kama robo ya bomba, uviweke kwenye kona kama kiteremko. Vika alumini. Hatua hii si ya lazima kama ya 5 na ya 6, lakini inashusha kelele, na kwa mtu anayelala chini ya klimu, kelele ni nusu ya shida. Angalia tu kiteremko kisizibe mdomo wa mfereji.

8. Tembelea kila tundu la hewa. Ng'oa kifuniko cha kila tundu, ingiza simu, piga picha kulia na kushoto. Utaona mambo: tundu dogo kuliko kifuniko chake, kipande cha tripleksi kinachoning'inia, kiota cha nyigu. Chonga palipochongwa vibaya, kisha funga ukingo kati ya mfereji na dari kwa skochi, maana pale napo hewa inaponyoka.

Halafu fuata mfereji mpaka mwisho wake. Mara nyingi unaendelea mita nzima au zaidi baada ya tundu la mwisho, ukiishia nyuma ya kabati au ndani ya ukuta. Hewa yako inaenda kupoza sahani. Kata kizibo cha frigoliti, kivike alumini, ukisukume kikae sentimita 5 baada ya tundu la mwisho, kisha kifunge. Kwenye magari marefu, hatua hii peke yake inaweza kuamsha kitanda cha nyuma.

9. Rudisha kila kitu. Filta ikae bila mwanya pembeni, la sivyo vumbi linapita ubavuni na koili inachafuka upya. Washa umeme, subiri dakika 20, rudia vipimo vyako vyote: joto, mfuko, moshi. Linganisha na karatasi ya asubuhi.

10. Gawa hewa. Anza na matundu yote wazi. Kama mbele kuna baridi kuliko nyuma, punguza ya mbele kidogo, robo kwa robo. Usifunge kabisa zaidi ya moja au mawili. Baba mmoja alifunga matundu yote akaacha la juu ya mto wake, akidhani baridi yote itamjia yeye. Koili iligeuka jiwe la barafu, na saa nane za usiku hakukuwa na upepo wa mtu yeyote.

Umeme unaoua upepo

Kuna watu wanaoziba vizuri kabisa na bado feni yao imechoka. Waangalie umeme wanaotumia.

Gari-nyumba la Marekani limetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Hapa ukutani tuna volti 220 na hezi 50. Mtu ananunua transifoma, volti zinashuka sawasawa, anafurahi. Lakini transifoma haigusi hezi. Mota ya feni inafuata hezi, kwa hiyo inazunguka polepole kwa kama sehemu moja ya sita, upepo unapungua vivyo hivyo, na mota inapata moto zaidi. Gari la namna hiyo liendeshe kwa jenereta yake lenyewe, inayotoa hezi 60, au kwa inveta ya betri iliyotengenezwa kwa hezi hizo na yenye nguvu ya kubeba kompresa, ile pampu ya gesi ndani ya klimu.

Kwa klimu za volti 220 au 230, pima kwenye plagi jioni, wakati kila nyumba inapika. Chini ya volti 200 usiwashe kompresa. Feni peke yake haina neno. Waya wa kuongezea uwe wa milimita mraba 2.5 au zaidi, na uufungue wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye rola unajipika wenyewe.

Jenereta nazo zinachoka kwa mwinuko. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini inapoteza takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Jenereta iliyoandikwa wati 3,000 hapa itakupa kama 2,600. Itabeba klimu moja, lakini usiongeze pasi. Na moshi wake uuelekeze mbali na madirisha. Usilale ndani jenereta ikiwa imeegeshwa chini ya sakafu bila kuhakikisha bomba lake ni zima, kwa sababu gesi inayoua kwenye moshi huo haina harufu.

Ikigoma bado

*Tundu linapiga filimbi baada ya kazi.* Umebana mahali. Kipande cha skochi kimesimama kwenye mdomo wa mfereji, au kiteremko cha hatua ya 7 ni kikubwa mno. Punguza.

*Kompresa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache, chumba bado kina joto.* Hewa ya baridi bado inarudi juu na kukidanganya kihisi. Rudi hatua ya 5, hasa kona za juu za ukuta. Kama ukuta ni mzima, pima volti wakati kompresa inapowaka.

*Barafu kwenye koili.* Zima kompresa, acha feni mpaka barafu iyeyuke yote, usiikwangue kwa bisibisi. Kisha angalia filta, matundu yaliyofungwa, na kihisi kama kilirudi mahali pake. Vyote vikiwa sawa na barafu ikarudi, huenda gesi imepungua.

*Maji yanadondoka ndani.* Ikiwa ni siku ya jua, ni maji ya klimu yenyewe: vitundu vya kutolea maji juu ya paa vimeziba, au gari limeegeshwa kwa mteremko. Ikiwa ni siku ya mvua, ni sponji au boliti. Na ikiwa ni Novemba na umeegesha chini ya mwembe, panda ukaangalie kofia ya plastiki. Embe moja lililoanguka kutoka juu linatosha kuipasua.

*Dakika kumi za kwanza inatoka hewa ya moto.* Mifereji inapita chini ya bati lililochomwa na jua mchana kutwa. Acha ijipoze. Washa klimu saa tisa badala ya kungoja saa kumi na moja gari likiwa tanuri, na ufunike kioo cha mbele kwa kitambaa cha kurudisha mwanga, maana kioo hicho kinaingiza joto jingi kuliko dirisha lolote. Paa lililopakwa rangi nyeupe nalo linasaidia.

*Nyuma bado kuna upepo mdogo ingawa moshi hauvutwi popote.* Hapa ndipo ninapokubali feni ndogo ya volti 12 ndani ya mfereji, karibu na tundu la mwisho. Si kabla. Ukiifunga kwenye mifereji inayovuja, inavuta hewa ya moto ya darini na kukuletea usoni.

*Harufu ya soksi mbichi.* Koili ililala na maji. Ioshe tena, na kila unapozima, acha feni iendelee dakika kumi bila kompresa.

*Upepo ni mkali, mfuko unajaa haraka, lakini tofauti ya joto haizidi nyuzi 5 au 6 hata karibu na klimu.* Hilo halitibiwi kwa skochi. Klimu nyingi za paa zimefungwa gesi kiwandani, hazina hata vali ya kujazia. Mtu akikuambia ataongeza gesi kidogo bila kutafuta inapovujia, mshukuru na uondoke. Tafuta frigoristi, yaani fundi wa friji na klimu, mwenye vifaa vya kuchomelea na pampu ya kunyonya hewa, umpe karatasi yako ya vipimo vya asubuhi na jioni. Itamwokolea nusu siku ya kutafuta, na hilo lionekane kwenye bei atakayokutajia.